Hofu ya Mionzi Majumbani na Wajibu wa Kuhakikisha



Shukrani zote tunazielekeza kwa Mwenyezi Mungu, Muumba wa nuru tuzionazo na tusizoziona, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Baada ya hayo, enyi ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini, na ninyi mnaotusikiliza majumbani pamoja na watoto wenu, tunajiusia nafsi zetu kwanza, kisha tunakuusieni ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Kwa muda sasa tumekuwa tukiletewa maswali, mengine kwa barua na mengine kwa mdomo baada ya swala, ambayo yote yanazunguka neno moja: mionzi. Je, simu ya mkononi inaleta saratani ya ubongo? Je, ni halali kulala chini ya nyaya kubwa za umeme? Je, chakula kilichopashwa moto katika jiko la maikrowevu kimeharibika? Mwanafunzi mmoja ametuuliza kama redio yenyewe, hii inayokufikishieni sauti yetu, haimdhuru mtu aliyeiweka karibu na mto wake. Baadhi ya wanazuoni wanaona mambo haya hayana nafasi katika mimbari. Sisi hatuwafuati katika hilo. Afya ya Mwislamu ni amana, na habari anazozipokea na kuzipeleka kwa wengine ni amana vile vile. Tumeamrishwa kuzihakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga kisha tukabaki na majuto.

Basi tuanze na kujua kitu chenyewe. Nuru ya jua, joto la jiko, mawimbi ya redio na ya simu, na ile mionzi ya eksirei inayopiga picha ya mifupa, vyote ni vya ukoo mmoja. Huitwa mawimbi ya sumaku-umeme. Katika Waislamu waliotangulia, Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, aliichunguza nuru kwa majaribio na hakutosheka na kusimuliwa. Mawimbi ya redio yalithibitishwa na Mjerumani Heinrich Hertz katika miaka ya 1887 na 1888, na eksirei ikagunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Ukoo ni mmoja, lakini nguvu za watoto wake hazilingani hata kidogo, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Mfikirini mtoto aliyesimama chini ya mwembe akitaka kuangusha embe. Akirusha punje za mtama, hata akimaliza gunia zima, embe litabaki pale pale, kwa kuwa hakuna punje hata moja yenye uzito wa kukata kikonyo. Lakini jiwe moja likipiga mahali pake, embe huanguka. Eksirei na mionzi itokayo katika madini kama urani ni mawe: kila pigo moja lina nguvu ya kung'oa kitu ndani ya atomu na kuiharibu chembe hai, na chembe iliyoharibiwa huweza siku moja kugeuka saratani. Mawimbi ya redio, ya televisheni, ya simu na ya minara yake ni punje za mtama. Wingi wake hauzigeuzi kuwa mawe. Linalowezekana kwa wingi wake ni kuleta joto, na ndivyo lifanyavyo kazi jiko la maikrowevu: hutikisa maji yaliyomo katika chakula mpaka yachemke. Chakula hicho hakibaki na mionzi ndani yake, kama vile maji yaliyochemshwa juani hayabaki na jua. Mlango wa jiko hilo ukivunjika au usipofunga sawasawa, lisitumike; zaidi ya hapo hatuoni sababu ya kulihofu.

Kwa kuwa joto ndilo dhara linalojulikana, wataalamu wa mataifa waliweka mipaka mwaka 1998 na kuipitia upya mwaka 2020. Kiwango walichokiruhusu kuufikia mwili mzima wa raia wa kawaida ni mara 50 chini ya kile kinachoanza kuudhuru kwa joto.

Lakini msimulizi mwadilifu hafichi upande wa pili. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya simu mwaka 2011 katika daraja la vitu ambavyo "huenda" vikaleta saratani. Mwaka 2002 lilikuwa limekwisha kuweka katika daraja hilo hilo nguvu ya sumaku itokayo kwenye nyaya za umeme, kwa sababu tangu uchunguzi uliofanyika Denver, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1979, palionekana uhusiano dhaifu baina ya nyumba chache zenye sumaku kali na saratani ya damu ya watoto. Sababu yenyewe haikupatikana mpaka leo. Watu walipolisikia neno "huenda", wengi walisikia "hakika". Katika daraja hilo mmo pia dondoo la jani zima la mshubiri, ambalo wengi wetu hulinunua kama dawa. Na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipata mapitio makubwa ya tafiti zilizofanywa kwa miaka mingi, na hayakuonesha kuwa simu inaongeza saratani ya ubongo, ingawa wenye kuzitumia wameongezeka mno.

Wanazuoni wetu wa fiqhi wameweka kanuni kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Wameweka nyingine kwamba madhara huondolewa. Mwenye busara huzishika zote mbili. Hatumkatazi mtu kuchukua tahadhari nyepesi isiyomgharimu kitu: kuzungumza kwa ufupi, kuitumia spika ya simu badala ya kuibandika sikioni saa nzima, kuiweka mbali na kitanda. Tahadhari si upungufu wa imani. Sayyidna Umar bin Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia habari za tauni, alishauriana na masahaba, kisha akarudi na watu wake, na Abdurrahman bin Auf akawajulisha kwamba Mtume alikwisha kufundisha hivyo. Na tuangalie vizuri: Umar aliuliza kwanza, akapima, ndipo akageuza msafara.

Haya tunayasema kwa sababu hapa petu Mkuyuni mambo hayakwenda hivyo. Katika mtaa mmoja ulio upande wa mlimani, mwenye nyumba alikubali kukodisha kipande cha uwanja wake ili usimamishwe mnara wa simu. Majirani hawakushirikishwa, na hilo lilikuwa kosa. Mtoto wa nyumba ya pili alipoanza kuumwa kichwa, ikasemwa mnara umeanza kazi, na mwenye uwanja akaitwa muuaji mbele ya wanawe. Salamu zikakatika. Watu waliokuwa wakisimama safu moja wakaanza kuchagua kila mmoja mlango wake wa kutokea msikitini. Na mnara wenyewe, ndugu zetu, ulikuwa bado haujaunganishwa umeme.

Pande mbili zilipokuja kutaka fatwa, tuliomba muda, tukawauliza wenye ujuzi. Tuliloelezwa ni hili. Mawimbi ya mnara hurushwa kwenda mbali kwa ubavu, si kumwagwa chini yake, nayo hupungua haraka kadiri umbali unavyokua; mtu akisogea mara mbili ya umbali, hupokea robo tu. Kwa hiyo mwenye simu sikioni hupokea kutoka kwenye simu yake mwenyewe kuliko anavyopokea kutoka kwenye mnara ulio mtaa wa pili. Tena, simu isiyopata mawasiliano mazuri hujiongezea nguvu ili isikike. Anayeufukuza mnara ili awe salama, kisha akaendelea kuzungumza kwa simu nyuma ya mawe ya Igogo, amejiongezea kile alichokikimbia.

Tukawajibu kwamba haki ya jirani kuulizwa kabla ya jambo kubwa kujengwa pembeni mwake ni haki ya kweli, na mwenye uwanja amwombe radhi jirani yake. Na madai ya dhara hayathibiti kwa uvumi. Ipo Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo ndiyo yenye dhamana ya usalama wa mionzi nchini. Waandikieni kupitia serikali ya mtaa, waje na vyombo vyao wapime, na majibu yasomwe mbele ya wote. Mtoto naye apelekwe hospitali leo hii, maana katika ugomvi wote ule hakuna aliyekumbuka kumpeleka. Alipopelekwa, alikutwa na macho dhaifu, na sasa anavaa miwani.

Msidhani ujinga wa namna hii ni wa maskini peke yao. Mwezi wa Aprili mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, watu wa Uingereza, nchi yenye vyuo vikuu vya karne nyingi, walichoma moto makumi ya minara kwa kuamini kuwa mawimbi yake yanaeneza ugonjwa. Mmoja wa minara hiyo ulikuwa ukiihudumia hospitali ya muda ya wagonjwa wa korona mjini Birmingham, mahali ambapo mgonjwa hakuwa na njia ya kuagana na jamaa zake isipokuwa kwa simu.

Palipo na hofu hapakosekani mfanyabiashara. Tumeoneshwa vibandiko vya kupachikwa nyuma ya simu na vidani vya kuvaliwa shingoni, vinavyouzwa kwa bei ya mbuzi mzima, kwa madai kwamba vinazuia mionzi. Vingine vimeandikwa herufi za Kiarabu ili Mwislamu avutike. Sikilizeni habari hii, nayo ni ya yakini. Desemba mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilivipima vitu vya namna hiyo, ikatangaza kwamba 10 kati yake, miongoni mwavyo vidani na bangili ya mtoto, vilikuwa vyenyewe vikitoa mionzi ya hatari, ile tuliyoifananisha na mawe, na ikawataka wenye navyo wasivivae tena. Mtu anakimbia punje za mtama, anakwenda kununua jiwe kwa fedha yake na kumfunga mwanawe mkononi. Mwenye kuuza kitu cha namna hii amekula mali ya watu kwa ghushi, na hatuoni tofauti yake na yule auzaye hirizi.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike khutba hii, na ambalo tunalisema kwa uzito. Neno "mionzi" limetishwa mno hata watu wanaikimbia tiba. Wapo kina mama wajawazito wanaokataa kipimo cha altrasaundi wakidhani ni mionzi, na hali hicho ni sauti tu, sauti nyembamba isiyosikika na sikio la binadamu. Wapo wanaokataa eksirei ya kifua ilhali wanakohoa kwa mwezi wa pili. Eksirei ni jiwe, ndiyo, lakini picha moja ya kifua ni jiwe dogo mno, na kifua kikuu kisichogunduliwa kinamaliza nyumba nzima.

Mama mmoja wa jamaa zetu alikutwa na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania. Madaktari walimweleza kwamba tiba yake ni ya mionzi, na kwamba hospitali ya Bugando, ambayo kutoka Mkuyuni ni safari ya daladala, inayo tiba hiyo. Akapokea katika simu yake ujumbe usio na jina la mwandishi, unaosema kuwa wanaotibiwa kwa mionzi huungua ndani wakafa. Akakaa nyumbani. Tulimsihi, mumewe akamsihi, naye akasema anaiogopa mionzi kuliko ugonjwa. Aliporudi kwa madaktari ilikuwa imepita miezi saba, na ugonjwa ulikuwa umevuka mahali pa kutibika. Tulimswalia katika msikiti huu. Yule aliyeutuma ujumbe hajui, wala waliousambaza hawajui, bali umeandikwa.

Mionzi ya tiba ni ile ile yenye nguvu ya jiwe, lakini hulengwa na mtaalamu kwenye uvimbe, kwa kipimo, siku kwa siku, ili ziuawe chembe zinazoua. Ina taabu zake, na madaktari huzieleza bila kuficha. Anayeambiwa aende, aende, na asiende peke yake.

Nasi watu wa kanda hii ya Ziwa tunayo sababu kubwa kuliko wengine ya kuogopa hofu isiyo na elimu. Kwa miaka mingi, Mwanza na Shinyanga, wazee wetu wanawake waliuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi ukawa ni macho yao mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi. Mwanamke aliyeinama juu ya mafiga tangu utotoni, akipuliza kuni mbichi na samadi kavu katika jiko lisilo na dirisha, macho yake yangekuwa na rangi gani nyingine? Moshi uliomdhuru ndio uliogeuzwa ushahidi wa kumuua.

Na moshi huo ungali majumbani mwetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa ulimwenguni kutokana na moshi wa majumbani. Lile shirika la saratani lililoiweka simu katika daraja la "huenda" limeuweka moshi wa kuni wa ndani ya nyumba katika daraja la juu zaidi yake. Basi inakuwaje baba ainyime familia yake simu kwa kuhofia saratani, kisha mkewe apike kwa kuni katika chumba kimoja na mtoto mchanga? Mei mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaokusudia kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Asiyeweza kununua mtungi wa gesi leo anaweza kutoboa dirisha leo.

Umeme nao unaua, lakini si kwa mionzi. Unaua kwa waya uliochubuka, kwa soketi iliyowekwa karibu na ndoo ya maji, kwa nyaya zilizounganishwa usiku na vishoka ili kuiba umeme wa jirani, jambo ambalo ni wizi kabla halijawa hatari. Wanaojenga chini ya njia kubwa ya msongo wa kilovolti 220 iletayo umeme Mwanza kutoka Shinyanga, wasijishughulishe kwanza na sumaku yake. Waya ukikatika na kuanguka juu ya bati, hakuna atakayeulizwa juu ya saratani.

Limebaki jua. Katika ukoo ule wa mawimbi, sehemu ya nuru ya jua isiyoonekana, iliyo mbele ya rangi ya urujuani, imefika kwenye nguvu ya kuziharibu chembe za ngozi, na katika orodha ya saratani jua limo katika daraja la kwanza, daraja la hakika. Sisi tumekaa digrii mbili na nusu tu kusini ya ikweta, juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na maji ya Ziwa yanaturudishia mng'ao. Wengi wetu rangi ya ngozi inatukinga. Ndugu zetu wenye ualbino, ambao hapa Tanzania hukadiriwa kuwa mmoja kati ya kila watu 1,400, hawana kinga hiyo, na wengi wao hupatwa na saratani ya ngozi wangali vijana. Watu hawa hawa waliwindwa na kuuawa kwa makumi katika kanda yetu, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, kwa imani za kishirikina. Aliyenusurika na panga bado anamalizwa na jua, polepole, na hakuna kikao cha mtaa kinachoitishwa kwa ajili yake.

Hao ndio wanaodhuriwa na mionzi hapa Mwanza. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, kivuli, na mafuta ya kukinga jua. Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya namna hiyo kwa ajili yao, yaitwayo KiliSun. Anahitaji pia ngozi yake itazamwe na mganga wa hospitali mara kwa mara, kwani kidonda kisichopona kikiwahiwa hukatwa kikaisha.

Madrasa yetu ya jioni husomea uwanjani, na wanafunzi watatu wenye ualbino wamo miongoni mwa wanaokaa safu ya mbele, juani, kwa kuwa macho yao hayauoni ubao kwa mbali. Kuanzia Jumamosi ya kesho darasa litaanza baada ya swala ya Alasiri badala ya saa nane, na litahamia baraza ya mashariki, yenye kivuli saa hizo. Mafundi wawili wa jamaa zetu wamejitolea kuezeka upande wa pili. Yanahitajika mabati 12 na misumari, na fundi wa umeme mwenye leseni atazikagua nyaya za vipaza sauti siku hiyo hiyo. Mwenye bati, au kofia pana ya kumtosha mtoto wa miaka minane, amletee mweka hazina baada ya swala.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi nanyi na Waislamu wote. Inukeni tuswali.